Jicho la Ng'ombe Twalikimbilia, Jicho la Mtoto Twalingojea

Mwanzo wa mwezi wa Desemba, ndengu zikitoa maua, mzee mmoja alifika katika ofisi yetu ya kilimo hapa Mbumbuni kabla sijamaliza kufungua madirisha. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Alimtaka bwana mifugo, kwa maana ng'ombe wake wa maziwa alikuwa akitokwa na machozi katika jicho moja tangu jana yake, na yeye hakutaka kungoja. Nikaandika jina lake na kijiji chake katika kitabu. Nilipoinua uso ili nimwulize habari zaidi, niliona kwamba jicho lake mwenyewe la kushoto lilikuwa na kinyama cheupe chenye mishipa myekundu, kimeota ukingoni mwa sehemu nyeusi ya jicho, upande wa puani.

"Mzee, na hilo lako limeanza lini?" nikamwuliza.

"Hili? Hili ni vumbi la shamba tu, karani. Lina mwaka mmoja sasa. Nitaliangalia nikisha kuvuna ndengu."

Ng'ombe amengojwa siku moja, na mwenye ng'ombe amengojwa mwaka mzima. Wakulima wenzangu wa mashamba ya makao, hilo ndilo nililotaka kuzungumza nanyi mwezi huu.

Mimi si daktari. Nilisomea kazi ya ualimu, na sasa ni karani wa kilimo. Lakini karani huona watu wengi, na mwalimu hakosi kuuliza. Habari za ugonjwa nilizoandika hapa nimezisoma na kuwauliza wanaojua. Maoni ni yangu mwenyewe, na ni haya: kansa ya jicho ni ugonjwa ambao mtu wa kawaida aweza kuuona nyumbani kwake, bila chombo chochote, wakati ungali unatibika. Wengi wetu huuona mapema. Kosa letu ni kukaa nao.

KANSA NI NINI

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno. Desturi ya chembe ni kuzaana kwa kiasi, kisha kukoma. Kansa, au saratani kama wengine wanavyoiita, ni chembe zilizoacha desturi hiyo. Huzaana bila kukoma, huvamia jirani zake, na mwishowe husafiri hadi sehemu nyingine za mwili. Mkulima wa Ukambani ataelewa upesi nikisema kwamba ni kama korongo. Huanza kwa kijifereji chembamba ambacho mtu mmoja aweza kukiziba kwa jembe asubuhi moja. Kikiachwa misimu miwili ya mvua, hula shamba na barabara pamoja.

Kansa za jicho ni za namna nyingi, lakini mbili ndizo zinazotuhusu sana. Moja huwapata watu wazima, na nyingine huwapata watoto wadogo.

KANSA YA MKULIMA JUANI

Ile ya watu wazima huota juu ya jicho, katika ngozi laini inayofunika weupe, mara nyingi pale mpakani mwa weupe na weusi, mahali pasipofunikwa na kope. Jua kali ni sababu mojawapo kubwa. Sisi twaishi karibu na ikweta, na kazi yetu ni ya juani mchana kutwa. Hata ng'ombe huipata. Wafugaji wa ng'ombe wa Hereford, wale wenye uso mweupe, wanaijua sana, kwa sababu kope nyeupe hazina rangi ya kuzuia jua.

Sababu nyingine ni upungufu wa kinga unaoletwa na virusi vya Ukimwi. Ndiyo maana daktari akiuona uvimbe huu humshauri mgonjwa apimwe damu. Mtu asikasirike kwa kuambiwa hivyo. Si kila mwenye uvimbe ana virusi, lakini aliye navyo akijua mapema hupata dawa za kumhifadhi maisha yake yote, mbali na jicho.

Taabu ni kwamba kansa hii hufanana na kinyama cha kawaida kisicho na hatari, ambacho wakulima wengi wanacho. Hata daktari hawezi kuapa kwa kutazama tu. Kwa hiyo hutia ganzi, hukikata kinyama, na kukipeleka maabara kitazamwe kwa darubini. Hapo ndipo jina la ugonjwa hujulikana. Usiridhike na jirani anayekuambia, "Hata mimi ninacho na sijafa." Kinyama kinachozidi kukua, au chenye ukoko mweupe juu yake, au chenye mishipa mingi au doa jeusi, kionyeshwe kwa mtaalamu wa macho.

Kikikatwa mapema, jicho hubaki na kuona. Hofu ni kwamba kinaweza kurudi, na katika jambo hili nchi yetu imefundisha dunia. Kati ya Agosti 2012 na Julai 2014 madaktari wakiongozwa na Dk. Stephen Gichuhi waliwachukua wagonjwa hapa Kenya waliokwisha kukatwa uvimbe wa namna hii. Nusu yao walipewa matone ya dawa iitwayo fluorouracil kwa majuma manne, na nusu matone yasiyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, kati ya wagonjwa 47 waliopata dawa, uvimbe ulirudi kwa 5. Kati ya 47 wengine, ulirudi kwa 17. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu aweza kuielewa. Kwa hiyo ukikatwa, uliza habari ya matone, na siku ya kurudi uliyoandikiwa usiikose.

Ukichelewa, kansa huingia ndani ya jicho, na hapo jicho lote hutolewa. Ukizidi kuchelewa, hutolewa pamoja na kope na nyama inayolizunguka. Afadhali kofia yenye ukingo mpana tangu leo, yako na ya mtoto anayekuchungia mbuzi.

KANSA YA MTOTO

Ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Madaktari huiita retinoblastoma. Huota ndani kabisa, katika utando ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na huwashika hasa watoto walio chini ya miaka mitano. Katika watoto 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa, mmoja huipata. Waweza kusema ni wachache, lakini fikiri ni watoto wangapi wanaozaliwa Kenya kila mwaka, na kila mmoja wa wagonjwa hao ana mama.

Alama yake ya kwanza ni hii: mboni, lile tundu jeusi lililo katikati ya jicho, huonekana nyeupe au hung'aa kama jicho la paka gizani. Haionekani kila saa. Huonekana mwanga ukiingia kwa pembeni, jioni taa ikiwashwa, au katika picha iliyopigwa kwa simu yenye flashi, ambapo mboni moja hutoka nyekundu na nyingine nyeupe. Alama ya pili ni makengeza, yaani jicho moja kutazama upande mwingine. Baadaye jicho huwa jekundu, huuma, huvimba, na mwishowe hutokeza nje.

Si kila mboni nyeupe ni kansa. Yaweza kuwa mtoto wa jicho, au ugonjwa mwingine. Lakini hakuna ugonjwa wa mboni nyeupe unaoponywa kwa kungoja. Hata Kijitabu cha Mama na Mtoto, kile mnachopewa kliniki, kina mahali pa kuandika kama mboni ya mtoto ni nyeusi au nyeupe. Kifungueni mkitazame.

NILIYOYAONA MIMI

Mwaka 2011, nikiwa mwalimu mwanafunzi, nilipewa darasa la watoto wadogo. Sitataja shule wala jamaa. Kulikuwa na msichana wa miaka minne, mchangamfu, aliyependa kukaa karibu na dirisha. Kila asubuhi jua lilipoingia, jicho lake moja lilimulika. Wenzake walimwita Kapaka. Mimi niliwakemea kwa utani wao, kisha nikaona nimekwisha fanya kazi yangu. Miezi mitatu nililitazama jicho lile.

Mama yake naye alikuwa ameliona tangu mtoto hajaanza shule. Lakini baba alikuwa kazini Mombasa, na nyumbani ilisemwa kwamba safari ya Nairobi si neno la kuamuliwa na mwanamke. Ikangojwa Desemba. Desemba baba akaja, naye akataka kwanza shauri la kaka yake mkubwa. Mtoto alipofikishwa hospitali, jicho lilikuwa limetokeza nje na ugonjwa umekwisha ingia kichwani. Alizikwa mwezi wa Aprili.

Baba yule hakuwa mtu mbaya, alimpenda mtoto wake. Mama hakuwa mjinga. Nami nilikuwa nasomea ualimu. Watu wazima watatu tuliona, na hakuna aliyeondoka.

Msidhani habari hii ni ya nyumba moja tu. Madaktari wa nchi 153 walikusanya habari za watoto 4,351 waliopatikana na ugonjwa huu mwaka 2017. Katika nchi tajiri, nusu ya watoto walikuwa wamekwisha kugunduliwa walipofika miezi 14 hivi. Katika nchi maskini kabisa, ilikuwa miezi 30 hivi. Miaka mitatu baadaye, katika kila watoto 100 wa nchi tajiri, karibu wote walikuwa hai. Wa nchi maskini kabisa walikuwa kama 57. Katika nchi za daraja la Kenya walikuwa kama 80. Tofauti hizo zina sababu nyingi, dawa na vyombo pia. Lakini miezi ile 16 ya kuchelewa imo ndani yake, na sehemu ya miezi hiyo hupotelea nyumbani, katika kuulizana nani atoe ruhusa.

ANAYEONA NDIYE AONDOKE

Kwa hiyo nasema wazi, hata kama wazee wengine hawatapenda. Aliyeona mboni nyeupe ndiye aondoke na mtoto. Awe mama, awe nyanya, awe dada aliyeachiwa mtoto, awe mwalimu. Baba aambiwe kwa simu, wala asidharauliwe, lakini aambiwe mtoto akiwa njiani. Mnaweza kukaa kikao cha ukoo baadaye, mkiwa na jibu la daktari mkononi. Nani kati yetu aliwahi kuita kikao cha ukoo ili aruhusiwe kumwita bwana mifugo?

Kule Uingereza mtoto mwenye alama hii hutakiwa kuonwa haraka, ndani ya majuma mawili. Sisi tujiwekee sheria yetu: juma lile lile afike mbele ya mtu anayejua macho.

Pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali kuu ya kaunti, iwe Wote au Kitui. Ukifika usiseme tu "mtoto anaumwa jicho," kwani waweza kupewa matone ya jicho jekundu na kurudishwa nyumbani. Sema hivi: "Mboni ya mtoto wangu inaonekana nyeupe. Naomba barua ya kwenda kwa daktari wa macho." Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta kule Nairobi, na kituo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu, zina uzoefu wa ugonjwa huu.

Huko daktari hutia matone ya kupanua mboni, na mara nyingi mtoto hulazwa usingizi ili macho yote mawili yachunguzwe vizuri bila yeye kuhangaika. Picha za ndani hupigwa pia, kuona kama ugonjwa umetoka nje ya jicho. Usishangae kwamba hawachukui kipande kwa sindano kama wafanyavyo kwa uvimbe mwingine. Kulitoboa jicho lenye kansa hii kwaweza kuisambaza.

Dawa ni za namna kadhaa. Uvimbe mdogo huchomwa kwa mwanga wa leza au hugandishwa kwa baridi kali. Mwingine hupunguzwa kwanza kwa dawa za kansa zinazopitishwa katika mshipa. Uvimbe ukiwa mkubwa, jicho hutolewa, nalo hupelekwa maabara kuona kama kuna mbegu zilizobaki. Zikionekana, mtoto huendelea na dawa.

NENO "KUTOA JICHO"

Hapa ndipo wazazi wengi hukimbia. Nimesikia kwa masikio yangu, "Afadhali afe na macho yake yote mawili." Jamani, tufikiri. Jicho linalotolewa, kwa kawaida limekwisha kupofuka, au halina tena tumaini la kuona. Linalokataliwa kutolewa si jicho la kuona, ni mzizi wa kansa, na mzizi huo hufuata mshipa wa jicho mpaka kwenye ubongo. Baada ya majuma machache, kidonda kikipona, mtoto huwekewa jicho la bandia, na mgeni huenda asijue ni lipi. Mtoto wa jicho moja husoma, huchota maji, hulima, huoa na huolewa. Ukiniambia nichague kati ya jicho na mtoto, mimi nimekwisha uona upande wa pili, na nilishika udongo wa kaburi lake.

Kuna wanaokimbia njiani. Mtoto hupewa dawa mara mbili au tatu, uvimbe hupungua, mtoto hucheza, na mzazi husema amepona, humrudisha nyumbani. Mwenye kupalilia magugu ya juu na kuacha mizizi anajua mvua ikinyesha ataona nini. Malizeni dawa zote.

Tena msimlaumu mama, wala msitafute mwenye husuda. Ugonjwa huu si laana, wala hauambukizi. Watoto wengine huzaliwa na kasoro katika asili ya chembe zao, na hao mara nyingi huugua macho yote mawili. Kasoro hiyo yaweza kurithiwa. Kwa hiyo mzazi aliyetolewa jicho utotoni kwa ugonjwa huu amwonyeshe kila mtoto wake kwa daktari mara tu anapozaliwa, na ndugu za mgonjwa wachunguzwe pia. Kuomba Mungu ni vizuri. Ombeni mkiwa ndani ya matatu ya kwenda hospitali.

NA PESA JE?

Najua. Nauli ya Nairobi si haba, na mwenye kumlinda mtoto hospitali hulala na kula kwa gharama, huku shamba limelala. Lakini sisi ni watu wa mwethya. Matuta ya fanya juu yanayoshika udongo wa vilima vyetu hayakuchimbwa kila moja na mwenye shamba peke yake. Watu walikutana, wakaimba, wakachimba kwa huyu leo na kwa yule kesho. Nashauri kila kikundi cha mwethya katika skimu kiweke mfuko mdogo wa nauli ya mgonjwa, usiotolewa kwa jambo lingine. Na wakati mama yuko Nairobi na mtoto, kikundi kimpalilie shamba lake. Hiyo haihitaji hata shilingi moja.

Kadhalika kila jamaa ijiandikishe SHA, mamlaka iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, kabla ugonjwa haujabisha hodi. Hospitalini ulizeni ni matibabu gani yanayolipiwa, msione haya.

Na yule mzee? Bwana mifugo aliliosha jicho la ng'ombe, akalitia dawa, na juma halikupita ng'ombe akapona. Mzee mwenyewe nilimwandikia katika karatasi maneno ya kumwambia mtaalamu wa macho, nikamwomba sana. Alikwenda Wote Jumatatu iliyofuata, hakungoja ndengu. Kinyama kilikatwa, na jibu la maabara lilisema kilikuwa kansa iliyokuwa ingali changa. Alipewa matone, akayatia mara nne kwa siku mpaka yakaisha, na mjukuu wake ndiye aliyekuwa akimkumbusha. Juzi alipita ofisini amevaa kofia pana, akauliza kama mbegu za mtama zimefika. Hazijafika.

Leo jioni, kabla ya kula, mwiteni kila mtoto aliye nyumbani karibu na taa, mmoja mmoja. Mtazameni machoni, jicho hili na hili. Mkiona weupe ndani ya mboni, fungeni safari kesho asubuhi.